Barua kwa mwanangu kabla hujailipia nyumba ya Moshono

Mwanangu,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo, mguu wangu nao unaendelea vizuri.

Umeniuliza kama milioni 90 ni bei nzuri kwa ile nyumba ya Moshono, huko Arusha. Bei tutaizungumza tukishajua kinachouzwa ni nini na anayeuza ni nani. Huyo dalali anayesema kuna mteja wa Dar anakuja Jumatatu na hela taslimu, mwambie amuuzie huyo wa Dar. Madalali wote wana mteja wa Jumatatu.

Unajua nilivyofanya kazi ya ukarani pale Mahakama ya Mwanzo hadi nikastaafu. Mafaili ya mirathi yamepita mikononi mwangu mengi, na walioumia kwenye nyumba wengi wao hawakuumizwa na bei. Walimlipa mtu mmoja, kumbe wenye haki juu ya nyumba ile walikuwa watano, na wale wanne hawakuwa mezani siku ya kutia saini. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine, watafute hao ambao hawaji mezani.

Wa kwanza nilimwona Jumamosi ile tulipokwenda wote. Wewe ulikuwa unakagua dari na yule bwana anayeuza akikuonyesha tangi la maji. Mke wake alileta juisi, akaweka sinia mezani, akaziona karatasi zimetandazwa, akageuza uso akarudi jikoni. Hakuuliza tunatoka wapi, hakusema karibuni tena. Mwanamke anayehama nyumba kwa hiari yake huwa na maneno: atakwambia bomba lipi linavuja, jirani yupi ana mbwa mkali. Yule hakuwa na neno. Inawezekana alikuwa amechoka tu, sikatai. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubebesha wewe mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia. Usije ukasema hukujua. Nataka huyo mama asaini ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA, na wakili amsomee anachosaini. Kama bwana ana mke mwingine mahali, ridhaa ya huyo nayo iulizwe. Muuzaji akisema mambo ya wanawake hayahusiani na biashara, shika mlango uondoke.

Halafu kuna hati. Umeniandikia kwamba "hati ipo" kwa vile ameiweka mezani mkaishika. Nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa Msajili wa Hati, ukafanye upekuzi, watu siku hizi wanaita "search". Nenda mwenyewe, au umtume wakili wako, na ada ilipwe kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Karatasi ya upekuzi aliyokuletea dalali ni ya dalali. Majibu yatakwambia mmiliki aliyeandikishwa ni nani, kama nyumba ina rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio. Rudia upekuzi siku chache kabla ya kulipa, kwa sababu kati ya wa kwanza na malipo mtu anaweza kukopea hati ile ile. Na ukiambiwa hati halisi imepotea, au iko kwa shemeji, ila kopi safi ipo, simama hapo hapo hadi halisi ionekane.

Ukiwa nayo mkononi soma na muda. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ameshikilia kama mdhamini, sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza miaka michache, na hilo lazima lionekane kwenye bei. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa. Mkeo, mkwe wangu, ana mpango wa kufungua duka pale mbele. Kama hati inasema makazi tu, itabidi mwombe kubadilishiwa matumizi kwanza.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Upekuzi unaonyesha kilichoandikishwa tu. Ugomvi wa ndugu hauandikishwi. Bwana yule alisema kiwanja "alikipata kwa mzee". Neno hilo kwetu sisi tuliokaa na mafaili linapiga kengele. Mzee alikiuza, alikigawa akiwa hai, au alifariki? Kama alifariki, nani aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ipi? Msimamizi anashika mali kwa niaba ya warithi wote. Nimewaona wasimamizi waliouza nyumba ya marehemu wakala hela, kisha dada aliyeolewa Singida akaja na watoto wake na barua ya zuio, na mnunuzi amekwisha kuweka marumaru sebuleni. Omba barua ya usimamizi, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha nenda na namba ya shauri katika mahakama ile ile uulize kama kuna aliyepinga. Muhtasari ukiwa na majina kumi na saini kumi zinazofanana mwandiko, na hizo nimeziona, rudisha karatasi. Hawa ndugu watafute uso kwa uso, au hata kwa simu. Dai la ardhi linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo ndugu aliyenyamaza leo ana muda wa kutosha wa kubadilisha mawazo.

Pita pia kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote nne. Usiende na dalali. Waulize kiwanja hiki kina kesi? Kuna mtu aliwahi kuja kukipima? Halafu uulize Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama kuna shauri. Mabaraza ya kata tangu 2021 yamebaki kusuluhisha tu, hayaamui tena, ila wazee wa pale wanajua nani aligombana na nani.

Kuhusu mipaka: yule bwana alituonyesha ukuta, mimi nikatafuta bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji. Moja niliiona kwenye kona ya lango. Ya pili ilikuwa ndani ya boma la jirani, nyuma ya mabanda yake ya kuku, hatua kama tatu hivi kutoka kwenye ukuta. Sijui ni ukuta uliokosewa au ni jirani aliyesogea. Mpeleke mpimaji aliyesajiliwa na ramani ya upimaji aziangalie bikoni zote, na jirani awepo. Hiyo ni hela kidogo ukilinganisha na kesi ya mpaka.

Kuna na wengine wenye haki ambao si binadamu. Barabara ni mmoja wao. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Unakumbuka barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipotanuliwa, kuta zilivyochorwa X? X nyekundu maana yake ondoka bila fidia, ya kijani ina fidia. Nyumba yako haiko barabara kuu, ila uliza mipango miji wa Jiji kama ile njia ya vumbi mbele ya lango ina upana gani kwenye ramani. Njia iliyochorwa pana siku moja itataka upana wake, na ukuta ule umekaa karibu mno.

Korongo la nyuma ndilo linalonikosesha usingizi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa bila shughuli za kudumu. Hiyo ni sheria. Lakini hata pasipokuwa na sheria, maji ya Mlima Meru yanajua njia zao. Mwezi wa Januari korongo ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Mwezi wa Aprili ni habari nyingine. Aprili 2024 basi la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo hapo hapo Arusha, watoto wakafa. Waulize majirani maji ya masika yalifika wapi, nao watakuonyesha alama kwenye kuta. Angalia na ukuta wa nyuma chini kabisa, pale palipopakwa rangi mpya peke yake. Mbona hapo tu?

Nyufa za juu ya dirisha la chumba cha watoto mpeleke fundi anayeaminika, asiyemfahamu muuzaji. Nyufa za plasta si tatizo. Zile zinazokwenda mshazari na kupita ukutani mara nyingi zinatokana na msingi, na udongo mweusi wa baadhi ya maeneo ya Arusha unavimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kibali cha ujenzi pia kiulizwe. Shimo la maji taka liko wapi, na gari la kunyonya litafika? Hayo utamaliza na fundi asubuhi moja.

Maji ya kisima ni lazima tuyaongelee. Muuzaji amejisifia kisima kana kwamba ni kito. Maji ya upande wa Meru mengi yana madini ya floridi, ndiyo maana utawaona watu wazima wa Usa River na Maji ya Chai wana meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia hadi kwenye mifupa. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floridi inabaki na kuzidi ukali. Wajukuu zangu meno yao ya ukubwani ndiyo yanaumbika sasa. Chukua chupa safi ya lita moja, jaza bombani, peleka maabara ya maji, lipia, upewe karatasi. Kama floridi iko juu, hesabu ya kuunganishwa na AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, iingie kwenye bei, na kisima kibaki cha kumwagilia mboga na kufulia.

Madeni nayo yana tabia ya kubaki na nyumba. Muombe akuonyeshe ujumbe wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, aliyonunua mwezi huu. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa humo, tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama ile, na mita isiyonunuliwa umeme miezi mingi inarundika deni, utakalolikuta wewe ukinunua umeme mara ya kwanza. Pango la ardhi nalo litakuwa na deni lake. Lisomwe ofisi ya ardhi, lilipwe na yeye kabla ya kuhamisha.

Kodi za mauziano usiziache zikupitie pembeni. Muuzaji hulipa TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 10 ya faida. Kama alijenga kwa milioni 40 na anauza 90, faida ni 50, kodi ni milioni 5. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya bei, hapo laki tisa, na huo kawaida ni wako. Watu wengi hukubaliana kuandika bei ndogo ili kodi ishuke. Usikubali. Mthamini wa serikali atakuja na thamani yake bila kujali mlichoandika, na siku mambo yakiharibika utakachodai mahakamani ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Andikeni pia nani analipa nini, maana muuzaji akishapokea hela huwa anaiona kodi kuwa ni ya mnunuzi, na bila cheti cha TRA Msajili hataandikisha uhamisho.

Wakili awe wako. Si wa dalali, si wa "wote wawili". Jina lake liangalie kwenye mfumo wa Mahakama wa mawakili kama ana leseni hai. Hela ipite benki, kwenye akaunti yenye jina lile lililo kwenye hati na NIDA, na sehemu ibaki kwako hadi hati itoke na jina jipya. Wengi wakishapewa funguo hukaa na mkataba miaka kumi, wakati kwenye daftari la Msajili nyumba bado ni ya mtu mwingine.

Hilo jina jipya nalo nina neno. Andikeni majina mawili, lako na la mkwe wangu. Amechangia kwa mshahara wake, na asingechangia pia ningesema hivyo hivyo. Najua baba yako mdogo atakwambia nyumba iandikwe kiume, ibaki kwenye ukoo kama kihamba, shamba letu la urithi. Kihamba kiko huku Uru, kina makaburi ya babu zako, na hakuna anayekigusa. Moshono ni nyumba ya wewe na mkeo. Akikusumbua, mwambie aje aniulize mimi.

Mama yako