Shingo iliyopinda baada ya dawa si jini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wauguzi wenzetu, na jamaa wanaouguza majumbani, juu ya jambo linalowaachisha wagonjwa wengi dawa za akili kabla hazijapata muda wa kufanya kazi.

Kijana anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, halali, anaamini majirani wanamfanyia vitimbi. Anaanzishiwa haloperidoli. Siku ya pili au ya tatu shingo inapinda, macho yanapanda juu na kuganda, ulimi unatoka, taya zinakaza. Wakati huo anasikia kila linalosemwa, na anaumia. Waliomzunguka wanaona jini amempanda kichwani. Anapelekwa kisomoni, vidonge vinatupwa, na matibabu yameishia hapo.

Huo ni mkazo wa misuli. Haloperidoli huizuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Mizani ikivurugika ghafla, misuli hujikaza yenyewe. Huwapata zaidi vijana wa kiume, na mara nyingi ndani ya siku 5 za mwanzo. Tiba yake ni nyepesi: benzheksoli miligramu 2 hadi 5 akiweza kumeza, asipoweza, promethazini miligramu 25 hadi 50 kwa sindano ya msuli. Aghalabu shingo hulegea ndani ya nusu saa, kisha huendelea na benzheksoli siku chache ili isirudi. Akipumua kwa shida, koo nalo limekaza, na hiyo ni dharura. Lakini si kila mgonjwa wa Konde au Kengeja avushwe bahari hadi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, kwa jambo linalotibika kwa sindano moja. Wala hatumkatazi mtu kisomo. Tunachoomba ni kwamba muuguzi aseme mapema, siku ya kidonge cha kwanza, tena mbele ya mama au mke anayekaa na mgonjwa: "Shingo ikimpinda, ni dawa. Mleteni."

Hali ya pili inayoletwa na dawa hizi inatusumbua zaidi, maana hata sisi wauguzi huikosea. Mgonjwa hatulii. Anakaa barazani, anainuka, anakwenda hadi mwisho wa uchochoro, anarudi. Akisimamishwa anakanyaga mguu huu, mguu huu. Kwenye faili inaandikwa "ana fujo", dozi inaongezwa, na kuhangaika kunazidi. Muulizeni: kinachokuinua ni mawazo, au ni miguu yenyewe inakataa kutulia? Akisema miguu, daktari apunguze dozi. Propranololi miligramu 10 hadi 20 mara mbili kwa siku husaidia, ila asipewe mwenye pumu. Benzheksoli hapa haifui dafu. Na mgonjwa huyu asiachwe peke yake, kwani adha ya hali hii huweza kumfikisha mtu kutaka kujiua.

Homa kali pamoja na mwili kukakamaa, jasho jingi na kuchanganyikiwa ni jambo jengine kabisa: dawa isimamishwe, mgonjwa akimbizwe hospitali.

Kwa wanaochomwa sindano ya mwezi, flufenazini, kumbukeni kuwa ikishaingia haitoki. Ndiyo maana huanzwa na dozi ya majaribio, miligramu 12.5, yaani nusu mililita, mgonjwa akaangaliwa siku kadhaa kabla ya kupewa miligramu 25. Dawa imo ndani ya mafuta, kwa hiyo bomba na sindano viwe vikavu. Tone la maji huifanya iwe na ukungu. Vuta ngozi ya tako pembeni, choma kwa kina, sukuma polepole, hesabu hadi 10, chomoa, ndipo uiachie ngozi, ili mafuta yasirudi juu kwa njia ile ile. Usisugue. Mwezi ujao choma upande wa pili. Vinundu vigumu vinavyowafanya watu waikimbie sindano hutokana mara nyingi na kuchoma juu juu na kurudia pale pale.

Kuna na Ramadhani. Wagonjwa wengi hufunga, na dawa ya mchana huachwa kimya kimya. Mazungumzo ya kupanga upya saa za dawa yafanyike Shaabani. Haloperidoli ya mara mbili kwa siku inaweza kuhamia futari na daku. Amitriptilini, dawa ya sonona, ya usiku inabaki usiku. Largactil (klopromazini), nayo dawa ya akili, ikinywewa daku hushusha presha, na mtu huona kizunguzungu anapoinuka kutoka sijida ya alfajiri. Ni bora ainywe baada ya tarawehe na asinyanyuke kwa haraka. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka mno, asifunge bila kwanza kuonana na daktari. Mwili ukikauka, figo huirudisha lithiamu kwenye damu, na dozi ile ile ya kila siku hugeuka sumu. Mikono ikitetemeka sana, akatapika, akaharisha, ulimi ukawa mzito, basi afungue pale pale, vidonge visimame, na apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo.

Wauguzi wa afya ya akili,
Wete, Pemba