Mume wangu anataka tuzunguke Iceland nzima, mimi nataka tupate nafasi ya kuongea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Naivasha, mama wa watoto wawili. Mume wangu ni mhandisi wa umeme wa mvuke kule Olkaria, na tangu mvua ya masika yuko Reykjavik, Iceland, kwa yale mafunzo ya miezi sita ambayo nchi hiyo imekuwa ikiwapa wataalamu wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, wa nchi nyingine tangu 1979. Wakenya wengi wameyapitia. Ukiuliza Olkaria hukosi mtu wa kukusimulia. Shule zikifungwa Agosti nitamfuata. Viza imetoka, tiketi imelipwa, watoto watabaki kwa mama yangu. Tutakuwa na gari la kukodi, hema, na siku zisizofika kumi.

Ratiba ameshaipanga na kunitumia kwa simu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Anataka tuzunguke kisiwa chote kwa ile barabara kuu wanayoiita Namba Moja. Ina urefu wa kilomita zaidi ya 1,300, karibu mara tatu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, na hapo hujahesabu michepuko ya kwenda kuona hiki na kile. Siku ya kwanza peke yake ameweka Þingvellir, ambapo ardhi inapasuka na kuachana kama sentimita mbili kila mwaka. Kisha bonde la Geysir, kwenye chemchemi iitwayo Strokkur inayorusha maji moto juu kila baada ya dakika sita hadi kumi. Kisha maporomoko ya Gullfoss. Halafu jioni hiyo hiyo tufike Seljalandsfoss kusini. Nilipomwambia kwamba Thomson Falls yetu ya Nyahururu inapita mita 70 na hiyo Skógafoss anayoisifu ina mita 60 tu, alicheka. Akasema Skógafoss unaipanda kwa ngazi hadi juu kabisa, na Seljalandsfoss unapita nyuma ya maji yenyewe, ukutani, ukatokea upande wa pili umeloa chapachapa. Shangazi, nakubali, hilo hata mimi natamani kuliona.

Mzigo ni zile siku zinazofuata. Kila siku kilomita mia mbili, mia tatu, nyingine zaidi. Mwendo wa juu nje ya miji ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe, kwa hiyo hata ukitaka kufidia muda huwezi. Na yeye anasema muda upo, kwa sababu mwanzoni mwa Agosti jua la huko linazama saa nne na nusu usiku. Hilo ndilo linalonitia hofu. Mwanga ukiwepo, mtu hajui kwamba amechoka. Anataka kuendesha peke yake mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa huko wanapita upande wa kulia na mimi nimezoea kushoto. Madaraja mengi ni ya gari moja kwa wakati mmoja, kondoo wanatembea ovyo barabarani wakati wote wa kiangazi, na upepo unaweza kung'oa mlango wa gari ukiufungua bila kuushika. Haya yote ni yeye aliyenieleza, tena kwa furaha.

Sitaki umwone kama mtu mgumu. Ana sababu, na sababu zake zinanigusa.

Ya kwanza ni Krafla, kituo cha umeme wa mvuke kilicho kaskazini, karibu na ziwa Mývatn. Mwaka 2009 walikuwa wakichimba kisima hapo, na walipofika kina cha kama mita 2,100 wakaigonga magma, ule mwamba ulioyeyuka wenyewe. Kwa mtu anayeishi kwa visima vya mvuke, hiyo ni habari ya maisha. Ameizungumzia tangu tulipokuwa wachumba. Na Krafla haiko njiani ukienda kusini. Kuifikia ni lazima uelekee kaskazini, ndiyo maana anasema afadhali tuzunguke kabisa.

Ya pili ni barafu. Yeye ni mtoto wa Nanyuki. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa akimwonyesha asubuhi weupe wa kileleni, na leo ukitazama Mlima Kenya ile barafu ya Lewis imebaki kipande. Vatnajökull ya Iceland inafunika karibu asilimia 8 ya nchi yote, lakini nayo inapungua. Huko wana mlima uitwao Ok ambao barafu yake ilitangazwa imekufa mwaka 2014, na mwaka 2019 wakaweka kibao cha shaba cha kuwaambia watu wa baadaye kwamba waliokuwepo walijua kinachotokea. Mume wangu alinisomea maneno ya kibao hicho kwenye simu, sauti ikamkwama. Ameshatulipia matembezi ya juu ya barafu ya Sólheimajökull pamoja na kiongozi, na viatu vya meno ya chuma tutapewa. Mimi mwoga wa urefu, lakini hapo nimesema nitakwenda.

Sasa, Shangazi, tatizo lenyewe.

Waliomaliza mafunzo hayo wanaweza kuomba ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili huko huko. Walimu wake wamemhimiza aombe. Hiyo ni miaka miwili. Alinitajia jambo hili usiku mmoja, mara moja tu, nikamuuliza, "Baba Njeri, na sisi je?" Akajibu, "Tutaongea ukija." Tangu siku hiyo kila nikiligusa anahamia kwenye ratiba: tulale mji wa Höfn au tusukume mbele, tupite ndani ya fiodi za mashariki, zile ghuba nyembamba zinazoingia kati ya milima, au tukate mlimani. Anaongea kwa raha, na mimi nakosa moyo wa kumkatiza.

Namjua. Akiwa na jambo zito anajificha kwenye kazi ya mikono, na gari ni kazi ya mikono. Kwa ratiba hii tutaamka, tutakunja hema, tutaendesha, tutapiga picha, tutaendesha tena, tutapika ugali kwenye jiko la gesi kwa sababu chakula cha hotelini huko hakishikiki kwa bei, kisha yeye atalala kama gogo. Siku ya mwisho atanifikisha uwanja wa ndege, na neno la miaka miwili litasemwa kati ya kupima mizigo na kuagana. Nitarudi kwa watoto wanaouliza baba anakuja lini, bila jibu.

Wapo wanaosema ningefurahi tu na kunyamaza, wangapi wamepelekwa Ulaya na waume zao. Mama mkwe naye angependa pesa hizo zimalizie nyumba. Wote nawasikia, ila pesa tuliziweka pamoja, na si wao watakaolala peke yao miaka miwili.

Nimejaribu kuchora safari nyingine. Twende kusini tu, hadi Jökulsárlón, lile ziwa ambamo mapande ya barafu yanaelea na sili, wale wanyama wa baharini, wanaogelea katikati yake, halafu turudi polepole kwa njia hiyo hiyo. Kutoka Reykjavik hadi hapo ni kama kilomita 375. Tungeona maporomoko makubwa, barafu, Strokkur, na ule ufuo wa mchanga mweusi wa Reynisfjara (kwa mbali, maana mawimbi yake yameshawaua watu, na sisi wa Naivasha tuliona mwaka 2019 maji ya ghafla yalivyosomba watu korongoni Hell's Gate). Tungelala sehemu moja usiku mbili mfululizo. Tungekuwa na asubuhi ya kukaa na chai bila mtu kushika funguo.

Lakini hapo Krafla inakufa, na mimi ndiye nitakuwa nimeiua. Naona akikubali kwa mdomo na kununa kwa moyo, kisha hayo mazungumzo ninayoyataka yaanze tayari na deni.

Kuna njia ya tatu niliyoifikiria: tuache mashariki, twende kusini siku chache, turudi Reykjavik, kisha tupande kaskazini moja kwa moja hadi Krafla, tukiona Goðafoss njiani. Kilomita hazipungui, nimezijumlisha. Kinachopatikana ni usiku wa Reykjavik katikati, chumbani kwake, pasipo hema wala barabara.

Naomba unishauri mambo haya. Je, nimwambie sasa hivi kwa simu kwamba kabla ya gari kuwashwa nataka tukae siku nzima tuzungumze kuhusu hiyo miaka miwili, hata kama itatia doa likizo? Au nisubiri tuwe njiani, kwa kuwa kuna watu wanaoongea vizuri zaidi wakiwa wanatazama mbele? Naogopa kumpa neno zito akiwa na usukani mkononi kwenye barabara asiyoizoea. Na ratiba je, niipunguze mimi, au nimwachie Krafla yake nimdai kitu kingine badala yake?

Ukijua wanandoa walioishi mbali kwa ajili ya masomo ya mmoja wao na wakabaki salama, niambie pia walikubaliana nini kabla ya kuagana uwanja wa ndege. Nitashukuru ukinijibu kabla shule hazijafungwa.

Mama Njeri,
Naivasha