Barua kwa mwanangu: Mbwa wetu Jeki hatunaye tena

Pongwe, Tanga

Mwanangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Sote hapa wazima, alhamdulillah. Juzi uliponipigia ukauliza, "Mama, Jeki hajambo?" nilikujibu hajambo, kanywa uji. Nisamehe, mwanangu. Jeki alikuwa ameshakufa tangu alfajiri ya siku ile, nami nilijua una mtihani kesho yake.

Kaondoka kwa uzee tu. Macho yalishaingia ukungu, masikio hayasikii, miguu ya nyuma haimbebi. Bwana mifugo alikuja, akampapasa nyonga, akasema viungo vimelika, tumlaze pakavu na maji yawe karibu. Miaka 14 kwa mbwa ni mingi. Ulimleta mwaka ule unaanza darasa la kwanza, ndani ya kapu la ukindu, nikakufokea mbele ya majirani.

Unakumbuka nilivyokuwa nikimfukuza nikitia udhu? Basi wiki mbili za mwisho nilimbeba mwenyewe. Asubuhi namtoa aote jua, jioni namrudisha bandani. Akinilamba mkono naosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, nabadili na nguo, ndipo naswali. Udongo safi niliuweka kwenye kifuu, kando ya mtungi. Sikuona uzito hata siku moja. Yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mola alimsamehe. Mimi ni nani nimwache Jeki alalie mkojo wake?

Jirani kaniambia, "Shoga, ni mbwa tu huyo." Nikanyamaza. Alikuwa hajahamia huku mwaka ule nguruwe pori walipomaliza mahindi ya watu, ya kwetu yakasalimika, na Jeki akarudi sikio limechanika. Wala hakumwona saa tisa alasiri akitoka kwenda kukungoja njia panda. Aliendelea kwenda hata ulipokwisha hamia Dodoma. Atakaa pale mpaka wanafunzi waishe kupita, kisha anarudi polepole, kichwa chini. Mwaka jana ndipo miguu ilipomkatalia.

Mdogo wako kamchimbia chini ya mwembe wa mpakani. Udongo wetu unaujua, futi mbili tu jembe lagonga jiwe la chokaa. Alichimba mpaka adhuhuri, hakutaka kusaidiwa. Tukamfunika kwa lile gunia alilokuwa akilalia, tukapanga mawe juu ili wenzake wasije wakamfukua.

Lia, mwanangu, hata wenzako wa bwenini wakikushangaa. Mimi nimelia jikoni, moshi ukanisitiri.

Jana mchana nilikwangua ukoko wa wali, nikatoka nao mpaka bandani kama desturi. Nikasimama pale, sahani mkononi. Mwisho nikawamwagia kuku.

Mimi mamako