Wasifu wa Mzee tuuandike upya kabla ya arobaini

Shikamoo mama. Kaka, dada, shangazi na wote mliopo hapo nyumbani Musoma, poleni tena. Huku Reading, Uingereza, sisi wazima, watoto wanaenda shule, baridi ndo limeanza na saa kumi na moja jioni ni giza tupu.

Kaka ule wasifu ulionitumia watsapu nimeusoma, umeandikwa vizuri, ila kwakweli haujanitosha. Unasema alijiunga na JWTZ, akashiriki Vita vya Kagera, akastaafu na cheo cha sajenti, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Yote kweli, lakini huyo anaweza kuwa mzee yeyote wa Mara, huko kwetu kila ukoo una mwanajeshi. Naomba kabla ya misa ya arobaini tuuandike upya, mi naanza na ninavyokumbuka nanyi muongezee, hasa wewe mama.

Kilichonisukuma ni hii Novemba ya huku. Watu wanabandika ua jekundu la karatasi kifuani, wazee waliopigana vita wanatoka na medali zao, watu wanasimama kimya dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Sasa mwanangu mdogo akaniuliza, babu naye alikuwa mwanajeshi, alifanya nini? Nikaanza kumwelezea nikaona nusu ya habari mama ndo unayo.

Mzee alikuwa kijana tu pale majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka Oktoba 1978 yakashika ardhi yote mpaka mto Kagera, alafu wakabomoa daraja la Kyaka. Mwalimu akasema redioni yale maneno ya sababu, uwezo na nia, na Mzee akaondoka, mama, amekuacha na mimba ya kaka. Kaka wewe umezaliwa Machi 1979, mwezi huohuo baba yako yuko Lukaya, ndani ya Uganda, pale barabara inapopita katikati ya kinamasi, Walibya wamekuja kumsaidia Amin, wenzetu wa mbele wakarudishwa nyuma kwanza kabla hawajajipanga na kurudi. Barua ya kuzaliwa kwako imemkuta Kampala imeshaanguka, ile tarehe 11 Aprili, na mama alishatuambia baba aliporudi wewe kaka ulikuwa unatembea, ukamkimbia ukajificha nyuma ya kanga ya bibi, na yeye akakaa chini mlangoni na begi lake akakusubiri mpaka ukatoka mwenyewe. Hiyo naiomba iandikwe kama ilivyo.

Mambo ya kuua hajawahi kutusimulia, sijui kama kuna aliyewahi kumsikia. Alichokuwa anasimulia ni miguu. Kwamba walitembea, wakatembea, mvua juu yao, buti halikauki, na mtu mwenye nguvu zake analazwa chini na vidole vilivyooza. Ndo mana dada unakumbuka kila jioni lazima karai litoke, maji ya uvuguvugu, anatuosha mmoja mmoja yeye mwenyewe, anapanua kila kidole anapangusa katikati na kile kitambaa cha kijani mpaka pakauke kabisa, alafu ndo tunaruhusiwa kupanda kitandani. Wababa wa mtaa ule nani alikuwa anaosha watoto? Majirani walikuwa wanasema anamfanyia mkewe kazi na yeye wala hajibu. Na mama ulipoanza kuvimba miguu kwa presha, karai likatoka tena, safari hii kwa ajili yako, mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka bado alikuwa hataki mtu amsaidie.

Alafu ile miaka ya baada ya vita. Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18, wote tunajua haikuishia hapo. Sukari foleni, sabuni foleni. Shangazi ndo aliniambia kwamba watu wakimjua ni askari walikuwa wanamwambia afande pita mbele na yeye anakataa, anasimama na wenzake, siku nyingine anarudi na kikapu kitupu. Mi naona huo nao ni ushujaa, na uandikwe.

Kingine ni Kaboya. Nilivyomaliza shule alinichukua, tukapanda meli Mwanza mpaka Bukoba, nikadhani tunaenda kutembea kwa rafiki yake. Kumbe rafiki yake ndo yuko pale Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, zaidi ya 600, yamepangwa mistari kama gwaride. Alijua mstari, alijua la ngapi. Akavua kofia, akang'oa majani kidogo pembeni, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, huyu ndo wa pili, amefaulu. Hakulia, mi ndo nililia. Alipofariki Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wao wa vita ile, mwaka 2024, na miaka yake 104, Mzee alikuwa hoi lakini aliomba apigiwe pasi suti apelekwe Butiama kwenye mazishi, nilimwona kwenye video kolu anahangaika na vifungo na hataki kusaidiwa.

Sasa naomba haya. Kaka, kwenye jiwe la kaburi cheo kiwepo, ila juu yake liandikwe mume na baba, na hapo sikubali kubishana. Cheti cha kustaafu na ile medali iliyokuwa kwenye kopo la biskuti mnipigie picha mbele na nyuma niwaonyeshe watoto. Dada, mrekodi mama kwa simu akisimulia, usimkatize hata akirudia, kuna vitu vya mwaka 1979 anavijua yeye peke yake sasa hivi. Hela ya vigae na ya chakula cha siku ya misa nimetuma kwa namba ya kaka leo asubuhi, ikiingia niambieni, na kama fundi ameongeza bei msinifiche.

Mama, kunywa dawa za presha kwa wakati. Jumapili nitapiga baada ya misa ya pili, wajukuu wako wana maswali mengi.

Wenu, wa pili