Risala ya klabu ya kemia kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu sana Lushoto na pole na zile kona za kutoka Mombo.

Risala yetu inahusu mafuta ya nazi, na jinsi tulivyojaribu kuyafunga kwenye vidonge vidogo ili yatunze joto. Hiyo chupa hapo mezani kwako sio ya kupaka, ni ya maabara. Wenzetu wanaotoka Pangani wakifika huku mafuta yao yanaganda, maana yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kule yanamiminika kama maji huku unachokonoa na kijiti, ndo tukajiuliza lile joto linaloyayeyusha linaenda wapi. Kumbe linajificha humo humo, yakiganda linarudi. Barafu kilo 1 kuyeyuka tu inakula kilojuli 334, joto ambalo lingepandisha kilo hiyo ya maji kutoka 0 mpaka karibu nyuzi 80! Mafuta hayafiki huko, ila tuliyapasha, tukachomeka kipimajoto tukayaacha yapoe, kikashuka kikashuka kufika 20 na kitu kikagoma, maana yalianza kuganda na lile joto likawa linarudi.

Kitu cha namna hiyo kikiwa ukutani, mchana kinayeyuka na kumeza joto, usiku kinaganda na kulirudisha. Sasa mafuta yakiyeyuka yanamwagika, huwezi kuyachanganya hivi hivi kwenye plasta ya ukuta. So yanafungwa kwenye vidonge vidogo mno, vya mikroni chache mpaka mamia (mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), yani unga kabisa. Viwandani ndani wanaweka nta, ganda mara nyingi la melamini, aina ya plastiki ngumu. Sisi tulitumia jelatini na gamu arabiki, ile gundi ya mgunga. Unakoroga mafuta kwenye maji vuguvugu ya jelatini yawe matone, unatia gamu, halafu siki tone kwa tone mpaka pH, yani kipimo cha uchachu, ifike 4 hivi, hapo jelatini inakuwa na chaji chanya, gamu ina chaji hasi, zinavutana zinaenda kuyavaa yale matone, kisha unapoza kwa barafu ganda lishike. Ukiliangalia bika, lile glasi la maabara, muda huo ni jeupe kama tui.

Changamoto zipo. Cha kukazia ganda ni formalini, mwalimu akakataa kwa sababu ni sumu (alikuwa sahihi), tukatumia chai ya rangi iliyokolea kwa ajili ya tanini yake, ile inayofanya chai iwe chungu. Tukaanika kwenye gazeti, asubuhi gazeti lina madoa kama limefungia chapati. Tulikuwa tunakoroga kwa mkono na kile cha kupigia mayai, mkono ukichoka matone yanakuwa makubwa, na vidonge vikubwa ndo vilivyopasuka. Kwenye darubini vingine kama punje ya chumvi, vingine hata huvioni vizuri.

Ombi letu ni mashine ya kukorogea yenye spidi ya kurekebisha, na mzani wa gramu ndogo ndogo. Tulitaka kuomba na basi ila mwalimu mkuu kasema hilo ana risala yake.

Tunaomba kuwasilisha. Chupa ni zawadi yako mheshimiwa, ila ukifika Mombo itakuwa imeshayeyuka, kaza kifuniko.