Namba iliyo kwenye ukingo

Marahaba mwanangu, salamu zako nimezipata, huku wote wazima na mama ako mguu unaendelea vizuri.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimetoa hela yote ile kwa kipande cha fedha cheusi, nikakwambia nitaandika maana simu haitoshi. Nilikikuta kwa sonara, kimo kwenye bakuli na bangili zilizokatika vinasubiri kuyeyushwa, nikakigeuza nikaona mtu uchi juu ya farasi, 1914 na 1918, nikajua hii ni ile medali ya vita ya Mwingereza. Ila kilichonifanya nilipe ni ukingo. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona herufi ndogo ndogo zimegongwa, namba, cheo, jina la askari, halafu 2/3 K.A.R. Hiyo sio theluthi mbili, ni batalioni ya pili ya rejimenti ya tatu ya KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, ilianza vita na batalioni 3 tu, kufika 1918 zilikuwa 22. Nyota za Burma, medali za waliopigana Burma vita ya pili, Waingereza walizitoa bila jina, ukiishika hujui ya nani. Hii ina mwenyewe.

Ya kwanza kuipata, miaka ile wewe hujazaliwa, niliiharibu kwa mkono wangu. Nilichukua majivu na ndimu kama tunavyosugua sufuria, nikasugua mpaka ikang'aa, kuja kusoma ukingo namba imebaki nusu. Mpaka leo inaniuma. Jina peke yake halikufikishi mbali, karani Mzungu aliandika alivyosikia, na akina Juma kwenye batalioni moja wako wengi tu, namba ndo inayomtenga Juma huyu na Juma yule. Kwa hiyo hii ya sasa ikija mikononi mwako siku moja, iache na weusi wake ivo ivo.

Sasa ombi langu. Hapo London Kew sio mbali, nyaraka za taifa lao ziko pale, ulizia WO 329, ndo orodha za waliopewa medali za vita ile. Picha za ukingo nimekutumia nne. Anza na namba, jina jaribu kila spelingi unayoweza, yenye l na yenye r, ukimpata angalia kama wameandika chochote pembeni ya jina lake. Mwenzio nalala nikimuwaza, kama alikuwepo Mahiwa kule Lindi Oktoba 1917, Mwingereza na Mjerumani siku 4 za kuuana, au alikuwa kwingine kabisa.

Na ukiwa pale waulizie na wapagazi wa vita ile. Wale walibeba mizigo mpaka wakafa kwa kuhara na malaria, Kariakoo yetu imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps, lakini wengi wao hakuna ukingo wowote wenye majina yao.

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba ako