Diski ya memori: tunapoiweka na tunapokataa

Swali hili twaulizwa sana na mawakala wa mizigo wenye ofisi zao huku kisiwani: seva ina RAM (memori ya kazi) ya gigabaiti 16, nusu yake imekaa bure, mbona yajikokota? Tukiifungua, mara nyingi mkosaji ni diski ya kuzunguka iliyoachiwa kazi ya faili za muda. Skana yatema kurasa za hati za shehena, programu ya kusoma maandishi yazikatakata, yaandika vipande, kisha yavifuta. Kila kipande kinasubiri kichwa cha diski kihame, na kuhama huko kwachukua milisekunde kadhaa. RAM husomwa kwa nanosekunde.

Hapo ndipo tunapokata kipande cha RAM na kuuambia mfumo ukitumie kama diski; hiyo ndiyo diski ya memori. Kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, ni amri nne tu, na /tmp ndiyo folda ya faili za muda:

mdconfig -a -t swap -s 2g -u 1
newfs -U /dev/md1
mount /dev/md1 /tmp
chmod 1777 /tmp

Usiruke ya mwisho. Bila hiyo ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake awezaye kuandika ndani ya /tmp, na programu za watumiaji wa kawaida zitaanza kulalamika makosa ambayo hayataji diski hata kidogo. Na ufanye haya mashine ikiwa haina kazi, kwa sababu faili zilizokuwa /tmp hufunikwa na hiyo diski mpya.

Chaguo la -t swap tumelichagua makusudi. Kuna wanaoandika -t malloc wakidhani ndiyo RAM halisi. Ni RAM kweli, lakini yatoka kwa kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na haiwezi kuhamishwa. Ikiisha, mfumo mzima waweza kuanguka. Aina ya swap nayo hukaa kwenye RAM, ila memori ikibana, kurasa zake zaweza kusukumwa kwenye eneo la swap, sehemu ya diski inayopokea ziada ya memori. Kasi inapungua, kazi inaendelea.

Hata hivyo, kwa /tmp ya kawaida sisi twapendelea tmpfs, mfumo wa faili unaokaa ndani ya memori, kwenye FreeBSD na Linux pia. Mstari mmoja ndani ya /etc/fstab, faili inayoorodhesha diski za kupachikwa, watosha:

tmpfs /tmp tmpfs rw,mode=1777,size=2g 0 0

Hii hutumia memori ya kile kilichomo tu, na ukifuta faili memori hurudi. Ile md1 tuliyoiunda hapo juu haiachilii ilichokwisha chukua mpaka uishushe kwa umount na uiondoe kwa mdconfig -d -u 1. Kiwango cha size usikiache wazi. Linux usipoiambia huruhusu hadi nusu ya RAM, na hiyo ni nyingi kwa seva inayobeba databesi pia.

Sasa tunapokataa. Mteja mmoja alitaka databesi yake ya hesabu ihamie humo baada ya kuona ilivyopaa kwenye jaribio. Hatukumwekea. Stima ya hapa mjini waijua, na UPS (betri za akiba) nyingi tunazozikuta maofisini hushika dakika chache tu. Mashine ikizimika, diski ya memori huamka tupu, na hakuna fundi wa kukurudishia chochote. Foleni ya barua pepe pia hatuiweki, wala /var/tmp, ambayo programu hutegemea ibaki baada ya kuwasha upya. Rekodi za matukio za /var/log wengine huzihamishia RAM ili SSD (diski isiyozunguka) idumu; siku seva ikianguka, ushahidi wa kilichoiangusha waenda nayo.

Kabla ya kukutoza tutaangalia gstat, au iostat kama ni Linux, amri zinazoonyesha shughuli za diski, wakati ofisi iko kazini. Diski isipokuwa na shughuli, tatizo liko kwingine. Na kama tayari una SSD nzuri, tofauti huenda usiione kabisa; hapo bora pesa hizo uongeze betri za UPS.